Mstari wa Hamsini na Tatu

Bi. Jeptoo wa Idara ya Wanyama alikuja Jumanne,
viatu vimejaa tope la Kibuye,
akaomba vitu viwili tu: kiti, na daftari.

Kiti kilikuwa kimoja. Nilimwondoa nyani.

Nyani yule ana kibali: nambari, muhuri, sahihi.
Aligongwa na lori barabara ya Ahero,
chuo kikamtaka, kikaahidi kulipa, hakijalipa.
Daftari linajua. Lilijua kabla yangu.

Baba aliliandika kwa wino, kamwe si kwa penseli;
penseli, alisema, ni shahidi anayehongeka.
Safu saba, kwa rula ya bati:
nambari, tarehe, jina la kiumbe, kilikufaje,
kimetoka kwa nani, kibali, kimekwenda wapi.
Mikono yake inanuka shabu na chumvi,
kidole kimoja kimefungwa plasta
damu isije ikagusa karatasi.
"Mali bila daftari huisha bila habari" –
wengine huishia hapo.
Obiero aliongeza yake, huku akipuliza wino ukauke:
"Na mnyama bila daftari hufa mara mbili."

Basi tukahesabu. Yeye anasoma rafu, mimi nasoma ukurasa.
Bundi aliyegonga kioo cha benki: yupo, kibali kipo.
Fuvu la kiboko: lipo, kibali kipo,
pembe moja imeliwa na mende lakini muhuri unasomeka.
Mbuta wa hoteli, kilo tisini, mdomo wazi:
"Huyo ni samaki," akasema, "simo."
Korongo wawili. Rafuni mmoja.
Nikamtafuta wa pili, moyo unapiga kama cherehani,
nikampata safu ya mwisho, kwa mwandiko uliobanana:
amerudishwa, ameliwa na nondo,
amechomwa mbele ya ofisa. Tarehe. Sahihi mbili.
Hata majivu yake yana karatasi.

Kisha akanyoosha kidole juu ya kabati,
nyuma ya kopo la pamba.
Mdiria. Mdogo kuliko ngumi,
bluu ambayo hakuna duka la rangi limewahi kuichanganya.
"Na huyu?"

Nilifungua nyuma, nyuma zaidi,
hadi karatasi zikawa na rangi ya chai ya rangi.
Nambari: 53. Jina: mdiria.
Kilikufaje: dirisha la darasa la pili.
Kimetoka kwa: Akeyo, binti yangu, miaka minane,
amemleta ndani ya sweta, hataki azikwe.
Kibali:

Hapo hapakuwa na neno.
Mtu aliyeyaandikia karatasi hata majivu
aliacha kisanduku kile kitupu.
Hakudanganya, hakukikata kwa mstari.
Kuna nukta tu, nene,
mahali kalamu ilipotua, ikangoja, ikainuka.

Ningeweza kusema ni kitu cha kuchezea watoto.
Ningeweza kusema Baba alisahau;
kalamu ilikuwa mkononi mwangu,
na kisanduku kilikuwa wazi miaka thelathini na mmoja
kama mdomo wa kinda.
Nikasema: "Hana kibali. Hakuwahi kuwa nacho."

Hakunikaripia. Alikohoa, akaandika polepole
jina langu, jina lake, jina la ndege,
akamfunga kwa gazeti la jana
kama mtu anayefungia mgonjwa mandazi ya moto.
Akaniachia nakala, ile ya rangi ya waridi,
na onyo, na siku thelathini za kupanga majalada yangu.
Mlangoni aligeuka:
"Baba yako alikuwa na hati nzuri."

Jioni nilichukua kalamu ya wino.
Mstari wa hamsini na tatu, safu ya saba:
amechukuliwa na Idara, risiti imebandikwa nyuma,
ameshuhudia Akeyo, miaka thelathini na tisa.
Nikapuliza.

Safu ya sita nimeiacha ilivyo.

Kisha nikamrudisha nyani kitini.