Bawa na Bawaba

Nimetundika milango Keko miaka ishirini na miwili.
Mwanya naujua. Mwanya ndio ugali wangu:
juu acha unene wa sarafu,
chini acha kidole cha mtoto,
maana mninga hunywa maji ya masika,
na mlango usioachiwa nafasi
humfungia nje mwenye nyumba.

Basi Sikudhani aliponiletea ndege yake,
mwili wa boksi la samaki la Feri
(bado linanuka vibua likipigwa na jua),
mota kainunua Gerezani kwa hela ya kusuka watu nywele,
akasema, Baba, inageuka kivivu,
naiambia kulia, inafikiria kwanza,
nililishika bawa, nikalikagua pale linapoungana na ulimi wake,
ule ulimi wa nyuma unaopanda na kushuka,
nikajibu kifundi:
Mbona iko sawa? Umeacha mwanya mzuri.

Akacheka. Ana miaka kumi na mitano,
anacheka kama mteja aliyeuona msumari uliopinda.
Baba, hewa si mninga.

Akawasha udi. Mama yake akapiga kelele toka jikoni
kwamba ule ni wa Ijumaa.
Akawasha na feni, namba moja.
Moshi ukaja umejipanga, ukapita chini ya bawa,
ukaufikia ufa,
ufa ambao hata kadi ya benki haupenyi kwa raha,
ukapenya,
ukatokea juu,
ukasahau ulikuwa umebeba nini.

Miaka ishirini na miwili,
na sijawahi kuiona hewa ikiibiwa.

Nikasema, lete utepe.
Nikaulaza ulimi bapa, nikabandika chini yake,
nikasugua kwa ukucha kama nabandika fomaika ya kabati.
Hata moshi ulikubali.
Jumapili tukaenda Chanika,
maana Keko ndege kubwa zinapita juu ya mabati yetu,
na mdogo hachezi njiani kwa wakubwa.
Ikapaa. Ikaambiwa kushoto, ikaenda kidogo.
Ikaambiwa kulia.
Ikaambiwa kulia.
Utepe wangu ulikuwa umeushika ulimi
kama mtu aliyeambiwa nyamaza mbele ya wageni.
Tulitua juu ya mkorosho wa watu.

Shuleni walitutisha kwa ukuta:
ziba ufa, la sivyo utajenga.
Hawakutuambia
kuna namna ya kuziba
ikakiua kilichopasuka.

Usiku ule akanifundisha. Hakunisema.
Kwanza unaupandisha ulimi mpaka mwisho wake,
ufa ufunguke wote huku chini, usiuonee haya,
ndipo unabandika, unauzamisha utepe ndani kwa ncha ya kijiko.
Ulimi ukirudi katikati, utepe unajikunja,
unakaa na kilegevu chake, unasubiri.
Kizibe kikiwa kimejinyoosha, Baba,
ndiyo kitakumbuka kujinyoosha.
Nikashika kijiko. Mkono uliozoea randa
ulitetemeka.

Jumapili nyingine iligeuka
kabla kidole hakijamaliza kusema.
Sikupiga makofi. Nilikohoa,
nikasingizia vumbi la Chanika.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayatafuna maneno mawili,
bawa, bawaba,
silabi moja tu ya ziada.
Bawaba ni bawa
lililoongezewa nusu ya baba.

Mlango wa chumba chake niliutundika mimi,
chini nikaacha kidole.
Saa saba za usiku mwanga unapita pale,
na mkwaruzo wa kisu kwenye boksi jipya,
na vibua.
Utepe umebaki robo tatu, uko mezani.
Siugusi.