Gundi na Pini

Bruda Fintani alikuwa na vidole tisa.
Alituambia msumeno wa umeme ulikula cha kumi,
hapahapa karakana ya Cheyo, kabla hatujazaliwa.
Tukaamini. Msumeno ule ulikuwa na sura ya kula watu.

Tulimzika Mei, Tabora imeanza vumbi,
kwenye jeneza la mninga nililolipiga randa mwenyewe.
Julai akaja mzee kutoka kwao Ayalandi,
Donali, kofia mkononi, kifua kinakoroma.
"Huyu alikuwa mtu wetu.
Jeshi lilipopasuka, mwaka wa sabini,
alitoka na sisi tuliotoka.
Kidole kilibaki darajani, kule mpakani,
usiku wa baruti mbovu. Chonga hivyo msalabani."
Akalia. Nikampa kigoda.

Krismasi haijafika, akashuka stesheni mama mmoja,
Shinedi, binti wa shangazi yake.
"Uongo wa waliotoka!
Fintani alibaki na sisi tuliobaki,
kisha akatuchoka na sisi, akavaa kanzu.
Kidole kilikatikia buchani kwa baba yake
akiwa na miaka kumi na mmoja. Damu niliifuta mimi."
Naye akalia. Kigoda kilekile.

Wote wawili waliuliza sanduku liko wapi.
Wote niliwaambia sijui.

Liko chini ya benchi langu.
Rozari. Soksi. Picha ya vijana sita,
mmoja uso wake umekwanguliwa kwa kisu.
Risiti ya msumeno, ambayo sikuitafuta:
ulinunuliwa miaka minne baada ya yeye kufika.
Na ua la karatasi, yungiyungi la Pasaka,
lilikuwa jeupe, sasa rangi ya chai.

Shinedi alinieleza habari za ua hilo:
"Sisi tulilibandika kifuani kwa gundi,
wao walilichomeka kwa pini.
Ukiliona, utajua alikuwa wa nani."

Nimeliona, mama.
Mgongoni pana gundi iliyokauka.
Katikati pana tundu la pini.
Pengine gundi kwanza, pini baadaye. Pengine kinyume.
Pengine kulikuwa na upepo tu siku hiyo, ua halikushika.
Sisi maseremala tukikuta ubao una gundi na msumari pamoja
twasema: aliyeuunga hakukiamini hata kimoja.

Nami nisijifanye hakimu.
Shangazi Kalunde husema babu wa babu yetu, rugaruga,
alilinda maghala ya watu kwa gobore moja.
Kwa kina mama, kule Usoke,
wanamjua kwa jina jingine, na wanakumbuka
nani alileta moto.
Gobore ni hilohilo. Limetundikwa sebuleni kwa shangazi,
wajukuu wanaanikia sare za shule.

Padri anataka msalaba kabla ya Kwaresima.
Nimechonga jina. Nimechonga miaka miwili.
Chini yake imebaki nafasi ya viganja viwili,
na kila asubuhi, kabla ya kazi za wateja,
naipitisha msasa nafasi hiyo.
Imekuwa laini kuliko jina.

Jana kijana mpya, Mhoja, wiki ya pili kazini,
akaniuliza: "Fundi, mbona unashika randa hivyo,
kidole cha shahada umekiinua hewani?"

Nikautazama mkono wangu. Vidole vyote vipo.
Nikamtazama Kasele, benchi la pili,
fundi wa miaka thelathini:
chake pia kiko juu, hakigusi kitu.

Nikasema, ndivyo tulivyofundishwa.

Mhoja akashika randa.
Akainua chake.