Pande Zote Mbili

Chukudu yangu ni ya mkaratusi,
magurudumu yake yamevaa mpira wa tairi la lori.
Nilitoka nayo Kibumba alfajiri,
magunia mawili ya viazi, kabeji juu,
na mteremko wote ule hadi Goma
breki ni ndala yangu ya kushoto.

Jioni Kyakimwa amelala kifudifudi mkekani,
daftari juu ya gunia la makala,
umeme umekatika, simu yangu yenye tochi
ameibana kwa meno.
"Papa, kuna herufi hapa haijulikani ni ngapi."
Namwambia, hata mimi nina watu ninaowadai,
sijui ni ngapi.
Hacheki. Ana mtihani Jumatatu.

Anaandika kwa kalamu ya bluu:

x − 9 = 14

"Hii alama ya katikati," anasema, "ni kama…"
Anatafuta. Anachungulia nje,
chukudu ilipoegemea ukuta wa mawe meusi.
"Ni kama ule ubao wako.
Ukining'iniza dumu la maji kushoto?"
"Naanguka."
"Ukining'iniza na kulia?"
"Nafika."
"Basi."

Nilidhani hesabu ni ya watu wenye viti.
Kumbe miaka kumi na saba naifanya kwa mabega,
juu ya lava iliyoganda na meno yake,
na dumu la pili, lile nililolilaani kwa uzito,
ndilo lililokuwa likinishika nisianguke.

Tisa zimeondolewa, anaeleza, tunazirudisha.
Lakini si huku tu.
Ukimrudishia huyu, mrudishie na yule,
la sivyo hii alama ya katikati inasema uongo.
Anaweka tisa kushoto, anaweka tisa kulia.
Kushoto, kilichotolewa na kilicholetwa
vinamezana, kimya,
herufi inabaki peke yake
kama mtu aliyetua mzigo
na hajui mikono aiweke wapi.

x = 23

Nikanyamaza.
Maana leo hii, soko la Virunga,
Mama Kanyere alinihesabia noti kiganjani:
"Nimekata elfu tisa, za kamba na za kizuizi.
Zako ni hizi, kumi na nne."
Nikashukuru. Mtu akichoka hushukuru chochote.

"Kyakimwa, weka elfu."
"Elfu gani, Papa?"
"Mbele ya tisa. Mbele ya kumi na nne. Anza upya."

Elfu ishirini na tatu.
Tulipatana ishirini na tano,
kulekule Kibumba, ukungu ukiwa bado shingoni mwa Nyiragongo,
kijana wake wa mizani akisikia.

Mama yake akaacha kusonga bugali.
"Na hizo mbili?"
Kyakimwa akafunua ukurasa mwingine:
"Hilo halimo katika zoezi."

Usiku juu ya mlima anga lina wekundu kidogo.
Sipati usingizi, narudisha vilivyotolewa.
Nyumba ya kwanza, ile ya mbao, ilikwenda na moto.
Haya, naongeza nyumba huku.
Kule naongeza nini?
Naongeza kaka yangu Muhindo huku.
Kule…
Ubao unalala upande. Naacha.
Mwalimu wao labda anajua,
au naye huishia kwenye namba ndogo.

Za Mama Kanyere ni namba ndogo.
Nilimwomba Kyakimwa anichanie ule ukurasa,
akakataa, ana mtihani.
Ameniandikia upya kwenye kipande cha katoni ya sabuni,
tarakimu kubwa kubwa,
asome hata akisahau miwani.

Asubuhi nimekifunga kwenye usukani, kulia.
Kushoto, kwa mazoea tu,
nimefunga ndala kuukuu.