Hatua Kumi na Nne

Kabla hajaja yeye, Bondeni niliijua kwa pua:
mabuyu ya Hashil, kisha mafuta ya taa,
kisha mtaro, kisha bajia,
na penye bajia nakata kulia.
Miaka ishirini sijamuuliza mtu njia.
Ila pua nayo ina mpaka wake.
Ikivuka Tononoka haijui hata kunuka.

Dzame wa chama chetu akanivika shingoni
kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni.
"Kiache kione mbingu, usikifunike na kanzu."
Nikacheka. Hatimaye kwenye nyumba hii
amepatikana wa kuona.

Sauti ni ya mwanamke. Kiswahili chake
cha mtu aliyejifunzia penye baridi, mdomo haufunguki;
Makadara anaivuta kama anayeita mbuzi.
Nikamwita Mgeni.

Siku ya kwanza akasema: "Posta, saa tatu."
Kwetu saa tatu mshale mfupi uko kushoto,
ndivyo nilivyouona ukutani kwa baba
kabla macho hayajazimika.
Nikageuka kushoto, nikaingia mzimamzima
kwenye meza ya viazi karai ya Mama Nyevu.
Kumbe saa yake ya Kizungu:
tatu yake ndiyo tisa yangu.
Viazi nililipa. Wiki nzima nikatembea
najumlisha sita kichwani, midomo ikinicheza,
watu wakidhani nasoma uradi.

Hajui shimo la watu wa maji, lililochimbwa jana.
Hajui mkokoteni. Hayo ni ya fimbo.
Wamegawana kazi, yeye ya mbali, fimbo ya karibu,
na mimi katikati nawasikiliza wote wawili.

Sasa niseme nilimtakia nini.
Mselem, fundi wa kanzu, namdai elfu tatu na mia nne.
Cherehani yake niliifungua msumari kwa msumari,
nikaitoa kutu kwa ukucha, nikaifanya iseme.
Akahamia Tudor bila kuaga.
"Atanifuata vipi?" aliwaambia watu kwa kinyozi.
Kinyozi naye hana siri.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, nikatoka.
"Mita mia nne, moja kwa moja."
Harufu nilizozijua zikaniacha moja moja,
kama watu wanaosindikiza wakiishia mlangoni.
Kwenye mzunguko wa Tononoka Mgeni akanyamaza.
Malori. Jasho. Fimbo inagonga kisichokuwa na jina.
Barabara nilivushwa na kijana, wala sioni haya;
tulipofika ng'ambo
nikamuomba mkono wangu.
Ndipo Mgeni akazinduka: "Natafuta njia."
Tafuta, mama. Tuko wawili.

"Umefika."
Nikapapasa. Ukuta, chokaa mbichi.
"Umefika."
Ukuta.
Nusura nimtukane. Nikamzima,
nikasimama na masikio yangu ya zamani.

Mtoto analia. Redio. Sufuria inaburuzwa.
Halafu, upande wa chini, ta-ta-ta-ta,
na kila gurudumu likizunguka, mkwaruzo mdogo,
ule niliomwambia hautaisha
mpaka anunue ukanda mpya.
Hakununua.
Nikahesabu: hatua kumi na nne.

"Hodi."
Cherehani ikakatika katikati ya mshono.
"Nani... nani amekuleta?"
"Ukanda wako," nikamwambia. "Unakwaruza."

Alitoa elfu mbili, noti nimezipima kwa vidole,
zilizobaki akaapa mwisho wa mwezi.
Mlangoni kwake nikamuwasha Mgeni,
nikabonyeza kitufe anachokitumia kukumbuka,
nikampa jina la mahali, taratibu, Mselem akisikia.

Mwezi ukaisha. Nikavuka Tononoka tena,
harufu mbili tatu sasa tunaamkiana.
Na Mgeni, kwa ule ulimi wake wa baridi,
akatangaza njia nzima isikie:
"Mselem, elfu moja na mia nne, saa tatu."

Nikageuka kulia.