Mabaki

Kajaani, mwezi wa kwanza. Jua limechungulia saa nne asubuhi,
saa nane limeshakwenda zake.
Tyyne Kokkarinen, mstaafu wa kiwanda cha karatasi,
ana kompyuta kuukuu chini ya meza ya jikoni
na paka kalala juu yake, anaota joto.

Mashine ina kazi moja:
anza na nne, izidishe yenyewe kwa yenyewe, toa mbili,
gawa kwa ile namba kubwa, shika mabaki.
Mabaki nayo yazidishe yenyewe, toa mbili, gawa.
Tena.
Tena.

Kwanza aliujaribu mwenyewe, kwa kalamu, nyuma ya bili ya umeme,
akaipima thelathini na moja:
nne, kumi na nne, nane, sifuri.
Akacheka peke yake. Paka akafumbua jicho moja.
Sifuri ikitua pale inapongojwa, namba ni tasa.

Hii ya chini ya meza si thelathini na moja.
Ni mbili kwa mbili kwa mbili, mara milioni themanini na ushei,
kisha moja imedokolewa, kama mtu aliyeonja mboga.
Ikichapwa itakula karatasi elfu nane,
naye mgongo wake unazijua karatasi elfu nane.
Kwa mwandiko wa mashine ni moja, moja, moja,
mamilioni ya moja, sifuri hakuna hata ya dawa,
na shahidi anayengojwa ni sifuri.

Mimi ninayeandika nasema lugha inayoziita tasa,
neno ambalo mawifi hulitema sebuleni
mwenyewe akiwa jikoni, anasikia.
Tyyne halijui neno hilo. Aliambiwa kwa namna ya kwao,
harusini, matangani, kijiko kikizunguka kwenye kahawa:
na wewe, bado?
mpaka umri ukamjibia.

Lakini kumi na tano imetoka kwa tatu na tano.
Elfu mbili arobaini na saba, iliyojifanya safi,
ni mwana wa ishirini na tatu na themanini na tisa.
Fukua nasaba ya namba yoyote,
chini kabisa utawakuta hao hao tasa, wamekaa.
Aliyetunga jina alichungulia mlango mmoja tu.

Siku ya arobaini na moja feni ikapunguza sauti.
Si sifuri. Mabaki,
yamefupishwa kuwa herufi na tarakimu kumi na sita.
Basi inagawika. Kwa ngapi, jaribio halisemi:
linajua pana ufa, halijui ufa ulipo,
linaapa wazazi wapo, majina halina.

Tyyne akasoma mara mbili.
Akaandika tarehe nyuma ya bili ileile, chini ya sifuri yake ya kalamu.
Akamwinua paka, akapangusa vumbi la feni,
akaipa mashine namba nyingine.

Anza na nne.