Kengele ya Namba Kumi na Moja

Alhamisi, saa moja usiku, theluji ya Łódź imeshakuwa tope,
nasi watatu kwa Wiesława, ghorofa ya nne, lifti mbovu.
Gracjan kaja na boksi kifuani
kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani:
toleo jipya, limetoka Hamburg kwa posta,
santuri nzito, jalada linang'aa, kijitabu kurasa ishirini,
na vipande viwili ambavyo, wanasema, havijapata kusikika.

Mimi nimekuja na yangu ya zamani.
Jalada lake limetafunwa pembe,
aliyekuwa nayo kabla yangu kaandika jina kwa wino, Pelagia,
na duara la kikombe cha kahawa
limekaa juu ya paji la uso la mpiga besi.
Niliinunua soko la Jumapili kwa bei ya viatu,
na baridi ile viatu vipya sikuvaa.

Wiesława ni daktari wa meno. Anaamini katika kusafisha.
"Sikiliza," asema. "Hakuna mkwaruzo. Hakuna vumbi.
Piano imetoka chooni, imeingia sebuleni."
Kweli. Sibishi lililo kweli.
Matoazi yanamwagika kama mchele mkavu kwenye sinia,
saksafoni ina pumzi, ina mate, ina shingo.
Gracjan anasoma namba zilizochongwa karibu na kitovu cha santuri,
kurunzi mkononi, miwani juu ya miwani,
anabishana na kijitabu: ilikuwa Jumanne, si Jumatano,
na mono ndiye mwana, stirio mtoto wa kambo.
Tunakwenda hivyo hadi chai inapoa.
Marehemu mke wangu alikuwa akisema:
nyinyi hamsikilizi muziki, mnaukagua kama watu wa forodha.

Kisha upande wa pili. Dakika ya tatu.
Besi peke yake, inatembea gizani, inapapasa ukuta,
nami nimeshika goti langu,
naingoja ile kengele.

Haikuja.

Walirekodi katika ukumbi wa kiwanda cha nguo,
ghorofa ya chini, dirisha halifungiki sawasawa,
na tramu ikapita. Imo kwenye santuri yangu: ting, ting,
mbali, kama sarafu mbili zimeangukia sakafu ya jirani.
Na Dołęga, mpiga besi, kijana wa miaka ishirini na miwili,
hakukasirika, hakusimama.
Akaijibu. Noti mbili, chini kabisa.
Halafu akacheka kwa pua, akaendelea na safari yake.

Sasa kengele wameifuta, noti mbili wameziacha.
Anajibu nini? Anamjibu nani?
Mtu anaitika naam
katika nyumba ambayo hakuna aliyemwita.

Nikasema hivyo, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.
Wiesława: "Kengele haikualikwa."
"Na wewe ung'oe jino la mtu kwa kuwa halikupangika?"
"Nalipwa kwa hilo hasa," akasema.
Gracjan akajifanya anatafuta mfuko wa santuri.

Jambo moja sikuwaambia.
Mwaka ule mama yangu aliendesha namba kumi na moja,
zamu ya jioni, kavaa koti la kaka yake,
vidole vimepasuka kwa baridi.
Sisemi ni yeye. Tramu zilikuwa nyingi, madereva wengi,
mji mzima ulikuwa ukigonga kengele.
Lakini sikatai.

Tukarudia. Tukarudia tena, maana ndiyo kazi yetu.
Toleo jipya, upande wa pili, besi ikipapasa ukuta.
Wiesława alikuwa akiandika kitu, macho hakuyainua.
Ilipofika pale akaokota kijiko,
akagonga bilauri yake ya chai, mara mbili.

Dołęga akajibu.