Kaya ya Mia Mbili na Kumi

Vingunguti, saa nne, jua limeshakaa juu ya bati.
Bi Sikudhani kanipa kigoda, yeye kapindua ndoo akaikalia.
Nimetumwa na kampuni ya kunyonya vyoo
nipime faida isiyohesabika kwa shilingi.

"Tangu tuanze kukuhudumia, kwa kipimo cha moja mpaka tano,
maisha yako yamebadilika kiasi gani?"

Akacheka. Tano ya nini, mwanangu?

Zamani, anasema, masika tulikuwa tunatapisha.
Usiku, mvua ikikolea, unatoboa ukuta wa shimo
na mzigo wako unamfuata jirani wa bondeni.
Na wa juu yako naye keshatoboa.
Asubuhi mnasalimiana, hujambo, sijambo,
kila mtu anajua, hakuna anayesema.
Sasa ikinyesha nalala.
Andika hapo: nalala.

Nikaitafuta "nalala" kwenye kishikwambi.
Kulikuwa na kuhara, siku za shule zilizopotea, gharama za dawa.
Nikabonyeza nne.

Kondo, fundi wa pampu, naye yumo, kwenye sehemu ya ajira:
ana buti, ana glovu, ana bima.
Bi Sikudhani humwita kwa jina lake,
ila chai humwekea juu ya ukuta, kikombe cha plastiki,
akimaliza asikirudishe.
Hilo nalo halikuwa na kisanduku.

Swali la mwisho: wanaokitumia choo ni wangapi?
Sita. Walikuwa tisa.
Mwenye nyumba alipoona choo hakinuki,
chumba cha elfu thelathini kikawa cha hamsini.
Tabia na wanawe wawili wakafunga godoro,
wakapakia bajaji, Majohe huko, sijui wapi.
Nasikia wamechimba shimo lao.

Ijumaa wafadhili wanataka asilimia.
Sampuli ni ya waliobaki.

Namba yake ninayo, akasema, akanisomea
huku simu kaishika mbali na macho.
Kishikwambi hakina pambizo.
Nikaiandika kiganjani kwa kalamu ya wino.

Kabla ya kuondoka nikaomba choo.
Kisafi, sina la kubisha. Kopo lipo,
kipande cha sabuni kimening'inia ndani ya wavu wa vitunguu.
Nikaisoma namba mara tatu, midomo ikinitembea,
ndipo nikanawa.

Mpaka nafika kwenye reli nilikuwa naikumbuka yote,
isipokuwa ile ya mwisho:
saba,
au moja.